Doa kwenye picha ya ubongo: linajua nini kuhusu kupona baada ya kiharusi?

Ndugu wa mgonjwa wa kiharusi wakikabidhiwa bahasha ya picha, kitu cha kwanza ni kuitoa ile filamu, kuiinua kwenye mwanga wa dirisha na kutafuta doa. Likiwa kubwa, wanaishiwa nguvu. Likiwa dogo, au lisipoonekana, wanamshukuru Mungu na kuanza kuulizana lini atarudi kazini. Kisha miezi mitatu inapita. Mwenye doa kubwa anafunga vifungo vya shati mwenyewe, na mwenye doa la ukubwa wa punje ya haragwe bado mkono unaning'inia. Hapo maneno yanaanza: mashine ilikuwa mbovu, daktari alisoma vibaya, picha zilichanganywa.

Mara nyingi mashine ilikuwa nzima na picha ilikuwa yake. Ila iliulizwa swali ambalo peke yake haina jibu lake. Picha ya ubongo ina mengi ya kusema kuhusu kupona, lakini kwa masharti: ni picha ya aina gani, ilipigwa siku ya ngapi, doa limekaa wapi, na mgonjwa mwenyewe anaweza kufanya nini pale kitandani. Habari za akili mnemba inayosoma picha na kutabiri nani atatembea zimezidisha mkanganyiko, kwa sababu masharti hayo huachwa nje ya kichwa cha habari.

Kwanza, kinachotokea kichwani

Kiharusi ni ubongo kukosa damu ghafla sehemu fulani. Ama bonge la damu linaziba mshipa, ama mshipa unapasuka na damu inamwagika ndani ya ubongo au kuuzunguka. Cha kuziba ndicho cha kawaida zaidi, na nitaanza nacho.

Fikiria shamba la umwagiliaji ambalo mfereji wake mmoja umezibwa. Miche iliyo karibu kabisa na pale palipozibwa inakauka. Ya pembeni yake inanyauka lakini haijafa, kwa sababu maji kidogo bado yanapenya kutoka mifereji ya jirani. Ubongo uko hivyo hivyo. Kuna kiini kilichokufa, na kuna ukanda unaokizunguka ambao seli zake zimeacha kufanya kazi ingawa bado zina uhai. Ukanda huo ndio unaokimbiliwa na madaktari. Mwaka 2006 Jeffrey Saver, daktari wa neva wa Marekani, alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba na usitibiwe, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika.

Kuna na sehemu ya tatu, ambayo mfano wa shamba hauifikii. Sehemu za ubongo zilizo mbali na doa, zenye damu ya kutosha, zinaweza kunyamaza kwa sababu tu zilizoea kupokea taarifa kutoka pale palipoharibika. Ni kama ofisi ambayo haijaungua, ila imekatiwa simu. Constantin von Monakow alilieleza jambo hili mwaka 1914 na kuliita diaskisi.

Mgonjwa anayeanza kusogeza mguu siku ya nne, kwa hiyo, hajafufuliwa kiini. Kiini hakifufuki, hata kwa dawa ya bei gani. Kilichoamka ni ule ukanda wa pembeni uliopata damu kwa wakati, pamoja na zile ofisi za mbali zilizorudishiwa simu. Maendeleo ya wiki na miezi inayofuata hutokana na nyuzi zilizobaki kujifunza kubeba kazi ya zilizokatika.

Picha si moja

CT ni mionzi ya eksirei inayokata kichwa vipande vipande kwa picha. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo mwaka 1971 jijini London, kwa mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Upigaji wenyewe huchukua dakika chache, na damu iliyomwagika hung'aa nyeupe mara moja. Ndiyo maana hutangulia: dawa ya kuyeyusha bonge la damu ni hatari kubwa kwa mtu ambaye mshipa wake umepasuka.

Udhaifu wa CT ni kwamba kiharusi cha kuziba hakijionyeshi haraka. Saa mbili baada ya mdomo kupinda, picha inaweza kuonekana ya mtu mzima kabisa. Ukisikia "CT iko safi" saa hizo, elewa hivi: hakuna damu iliyomwagika. Haikusema hakuna kiharusi. Sehemu ya nyuma ya kichwa, penye shina la ubongo, CT huona vibaya zaidi, kwa sababu mifupa minene ya pale huchafua picha.

MRI hutumia sumaku, haina mionzi, na huchukua kati ya dakika 20 na 45 za kulala bila kutikisika. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo au chuma mwilini lazima aseme kabla ya kuingia. Ndani ya MRI kuna aina nyingi za picha, na iliyo muhimu kwa kiharusi kipya ni ile inayopima jinsi maji yanavyotembea kwenye ubongo, kwa kifupi DWI. Seli ikikosa damu, pampu zake zinazimika, maji yanaingia na kunaswa humo. Picha ya DWI huonyesha maji yaliyonaswa kama weupe mkali, wakati mwingine dakika chache tu tangu mshipa uzibe. Hata hivyo, viharusi vidogo vya shina la ubongo vinaweza kuikwepa siku ya kwanza.

Halafu kuna picha ya mtiririko wa damu, inayopigwa kwa CT au MRI. Dawa inadungwa kwenye mshipa wa mkono, na mashine inahesabu inachelewa sekunde ngapi kufika kila kona ya ubongo. Pale damu inapochelewa lakini seli hazijafa ndipo penye ule ukanda wa kuokolewa. Katika utafiti wa DEFUSE 3, uliochapishwa mwanzoni mwa 2018, mgonjwa aliruhusiwa kuingizwa mrija wa kuvuta bonge la damu hata saa 6 hadi 16 baada ya kiharusi, mradi kiini kilichokufa hakikufika mililita 70 na eneo lote lililochelewa kupata damu lilikuwa walau mara 1.8 ya kiini. Mililita 70 ni vijiko 14 vya chai. Utafiti wa DAWN, wa wakati huo huo, ulifika hadi saa 24.

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Picha hizi za saa za kwanza zinajibu swali "tuokoe nini sasa hivi?" Swali la "mkono utarudi?" ni jingine, lina picha zake na siku zake. Mtu akikuonyesha picha ya mtiririko wa damu ya usiku wa kwanza na kutabiri kwayo maisha ya mwaka ujao, anatumia mizani ya dukani kupima urefu wa kitambaa.

Picha ya siku ya ngapi?

Doa hubadilika kila siku, na si kila badiliko lina maana ya nafuu au kuzidiwa.

Siku za kwanza eneo lililoumia huvimba, na uvimbe hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Picha ya siku ya nne kwa hiyo hukuza doa. Mgonjwa mwenye kiini kikubwa sana anaweza kupoteza fahamu siku hizo, ubongo uliovimba ukiwa hauna pa kwenda ndani ya fuvu. Kutabiri kupona kwa mkono kwa kupima doa lililovimba ni kujipunja.

Kisha wiki ya pili hadi ya tatu huja mchezo wa ajabu kwenye CT: doa linafifia, wakati mwingine linapotea. Uvimbe umeshuka, seli za kusafisha zimeingia, mishipa midogo imechipua, na mchanganyiko wa vyote hivyo una rangi ileile ya kijivu ya ubongo wa jirani. Wataalamu wa picha huita hali hii ukungu. Familia iliyolipia picha ya pili wiki hiyo hurudi nyumbani ikitangaza kwamba mgonjwa amepona, tiba ya mazoezi inaachwa, na dawa ya shinikizo la damu inasahaulika. Wiki kadhaa baadaye ukungu unaondoka, na pale palipokuwa na doa panabaki shimo lililojaa majimaji, jeusi, lenye kingo kali. Shimo hilo halitajaa. Wala kuonekana kwake hakumaanishi mgonjwa amerudi nyuma.

Weupe wa DWI nao hufifia wenyewe baada ya wiki mbili hivi. Kufifia huko ni umri wa jeraha tu.

Mahali pana uzito kuliko ukubwa

Amri ya kusogeza mkono huanzia kwenye ganda la ubongo, juu, karibu na mstari ambao ungepita kama umevaa vipokea sauti vya kichwani. Kutoka pale, nyuzi hushuka zikikusanyika kama nyaya nyingi zinazoingia kwenye bomba moja. Karibu milioni moja za kila upande hupita kwenye upenyo mwembamba ndani kabisa ya ubongo, unaoitwa kapsuli ya ndani, zinashuka kwenye shina la ubongo, na sehemu kubwa zinavuka kwenda upande wa pili kabla ya kuingia uti wa mgongo. Ndiyo sababu kiharusi cha kushoto hupooza kulia. Tuuite mkongo wa mwendo.

Sasa weka doa la milimita 10 kwenye kapsuli ya ndani, sehemu yake ya nyuma. Kwenye filamu ni nukta, lakini mkono, mguu na uso wa upande mmoja vinaweza kuzimika, kwa sababu nyuzi za vyote vitatu zimebanana hapo. Chukua doa la ukubwa wa limau, liweke mbele kabisa ya ubongo upande wa kulia. Mtu anaweza kutembea na kushika kikombe kama kawaida. (Anaweza pia kushindwa kupanga siku yake au kukasirika bila sababu, na ndugu wakasema ana kiburi tu. Filamu ingewaeleza vizuri zaidi.)

Kwa hiyo wanaotaka kubashiri mkono hawaanzi na rula ya kupima doa. Wanalaza ramani ya mkongo wa mwendo juu ya picha ya mgonjwa na kuuliza: doa limekula kiasi gani cha mkongo? Kadiri lilivyokula zaidi, ndivyo mkono unavyoelekea kubaki dhaifu. Kipimo hiki ni bora kuliko ukubwa wa doa peke yake, ingawa ramani yenyewe ni ya wastani wa watu wengi, na ubongo wa mgonjwa haukutengenezwa kwa wastani.

Njia ya pili inapima mkongo wenyewe, ikitumia tena mwendo wa maji. Maji yaliyomwagwa kwenye tambarare yanasambaa kila upande, yaliyomwagwa kwenye matuta yanafuata mifereji. Ndani ya nyuzi nzima za ubongo maji hufuata urefu wa uzi. Nyuzi zikivunjika, yanatawanyika. MRI hugeuza jambo hili kuwa namba kati ya 0 na 1: karibu na 1 maji yanafuata njia moja, karibu na 0 yanazurura. Kisha pande mbili za kichwa hulinganishwa. Tuseme upande mzima una 0.60 na ulioumia una 0.40. Toa moja kwa nyingine, upate 0.20. Jumlisha zote mbili, upate 1.00. Gawanya: tofauti ni 0.20. Kama ulioumia ungekuwa na 0.50, hesabu ingetoa 0.09 hivi. Mpango mmoja uliochapishwa mwaka 2012 na kundi la Cathy Stinear wa Auckland, Nyuzilandi, uliweka mstari kwenye 0.15. Juu ya hapo, matumaini ya mkono kurudisha kazi ya maana yalikuwa madogo sana, lakini kwa wagonjwa ambao tayari walikuwa wameshindwa vipimo viwili vya kabla yake. Hilo la mwisho linasahaulika mno. Namba ileile kwa mgonjwa anayefungua vidole haina maana hiyo.

Kidole kinachobishana na mashine

Vipimo hivyo viwili vya awali ni vipi? Cha kwanza hakihitaji umeme. Siku ya tatu baada ya kiharusi, mgonjwa anaketishwa akiwa ameegemezwa vizuri. Anaambiwa ainue mkono uliopooza kwa pembeni, kutoka begani. Kisha mkono unashikiliwa chini ya kifundo, naye anaambiwa afungue vidole, avinyooshe. Kila tendo hupewa alama 0 hadi 5. Sifuri ni kimya kabisa. 1 ni msuli kucheza bila kiungo kusogea. 2 ni kusogea kama uzito wa kiungo umebebwa. 3 ni kukibeba chenyewe. 4 ni kuhimili msukumo kiasi. 5 ni kawaida. Jumla ni 10.

Kwa nini vidole, tena kuvifungua na si kuvifunga? Kufumba ngumi hufanywa hata na misuli iliyokakamaa bila ruhusa ya mgonjwa. Kufungua vidole kwa hiari kunahitaji mkongo wa mwendo uwe umebaki na nyuzi. Watafiti wa Uholanzi walionyesha mwaka 2010 kwamba mgonjwa anayeweza, ndani ya saa 72, kufungua vidole kidogo na kuinua bega kidogo, ana uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha ustadi fulani wa mkono ifikapo mwezi wa sita. Asiyeweza lolote kati ya hayo, asilimia 25. "Ustadi fulani" si kupiga gitaa, lakini pia asilimia 25 si sifuri: ni mtu mmoja kati ya wanne.

Kipimo cha pili ni kwa wale waliopata alama za chini. Koili huwekwa juu ya kichwa, inatoa mshtuko mfupi wa sumaku usiouma sana, na vinasa umeme vilivyobandikwa kwenye mkono vinasikiliza kama msuli umejibu. Ukijibu, hata kama mgonjwa hawezi kusogeza chochote kwa hiari, mkongo bado unapitisha ujumbe. Huyu ndiye mgonjwa ambaye macho ya watu humpunja kuliko wote, maana mkono unaonekana umekufa kumbe njia ipo.

Mwaka 2017 kundi lilelile la Auckland lilichapisha toleo jipya la mpango wao, PREP2. MRI iliondolewa. Badala yake, kwa wale ambao msuli haukujibu sumaku, wakaweka alama za jumla za ukali wa kiharusi ambazo hupimwa kitandani, na ubashiri ukabaki sahihi kwa wagonjwa 3 kati ya 4. Watu waliotumia miaka mingi kupima nyuzi kwa MRI waliitoa wenyewe kwenye mlolongo, kwa sababu mtihani wa dakika chache ulitosha. Hospitali isiyo na MRI haijakosa njia ya kubashiri mkono. Inaweza kuanza kesho kwa kufundisha wahudumu wake kupima bega na vidole siku ya tatu na kuandika namba.

Kutembea ni hivyo hivyo. Katika utafiti mdogo wa kundi hilo, kilichobashiri vizuri nani atatembea bila kushikwa ni uwezo wa kugeuka kitandani na kuketi bila kuegemea ilipofika wiki moja, pamoja na nguvu ya kunyoosha nyonga. Picha hazikuongeza kitu.

Na ubashiri mzuri una faida ya kweli. Matabibu wa mazoezi waliopewa taarifa hizi za mkono waliweza kupanga kazi yao kwa lengo, na wagonjwa wao walitoka hospitalini takriban wiki moja mapema kuliko wenzao, bila mkono kupata hasara.

Ile asilimia 70

Ukisoma mambo haya utakutana na kanuni isemayo kila mgonjwa hurudisha asilimia 70 ya alichopoteza. Ilipata umaarufu mwaka 2008. Hapa mkono hupimwa kwa kipimo kingine, si kile cha alama 10: jumla yake ni alama 66. Aliyeanza na 36 amepoteza 30, atarudisha 21, ataishia 57. Inapendeza, na kwa wagonjwa wengi wa hali nyepesi na ya kati hesabu hukaribia ukweli. Lakini wenye mkongo uliokatika kabisa hawaifuati, na mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba sehemu ya uzuri wake ni kiinimacho cha hesabu: ukilinganisha mahali pa kuanzia na badiliko lililokokotolewa kutoka mahali palepale, uhusiano mkubwa hutokea hata kwa namba za kubahatisha. Itumieni kama desturi ya wengi. Kumwahidi mgonjwa mmoja asilimia 70 yake ni kosa.

Damu ikimwagika, unabii unaweza kujitimiza

Kwenye kiharusi cha kupasuka, ukubwa una uzito zaidi. Daktari hukadiria damu kwa sentimita: urefu mara upana mara kina, kisha kugawa kwa mbili. Bonge la 5 kwa 4 kwa 3 ni mililita 30, yaani vijiko sita vya chai, na hapo ndipo mizani moja inayotumika sana, iliyochapishwa mwaka 2001, huongeza alama ya hatari. Umri wa miaka 80 na zaidi, damu kuingia kwenye vyumba vya majimaji ya ubongo, damu kuwa chini karibu na shina la ubongo, na kiwango cha fahamu, navyo huongeza.

Mizani hiyo inatabiri kifo, na sharti tujiulize namba zake zilitoka wapi. Picha ikionekana mbaya, familia inaambiwa hakuna matumaini, mashine ya kupumua inazimwa au tiba inalegezwa, mgonjwa anafariki, kifo kinaandikwa kama ushahidi kwamba picha ya namna ile huua. Anayefuata anahukumiwa kwa ushahidi huo. Kwa kulitambua hilo, miongozo ya Marekani inashauri kwamba amri mpya za kutomfufua mgonjwa au kumwondolea tiba zisubiri walau hadi siku kamili ya pili hospitalini, isipokuwa kama mgonjwa alikuwa ameshaeleza matakwa yake. Ndugu wanaopewa karatasi ya kusaini saa tatu baada ya kufika wana haki ya kuuliza haraka ni ya nini.

Jambo jingine ambalo familia haziambiwi: damu iliyomwagika husukuma nyuzi kando bila kuzikata zote. Ikishanyonywa na mwili, baadhi ya nyuzi zilizobanwa hurudi kazini. Nafuu ya wagonjwa hawa inaweza kuchelewa kuanza kisha ikashika kasi.

Ulimi, na kompyuta

Usemi ni mgumu zaidi kubashiri kuliko mkono. Hauna mkongo mmoja. Una mtandao, kwa watu wengi upande wa kushoto. Cathy Price na wenzake katika University College London walichagua njia rahisi kuieleza: kukusanya picha za watu wengi waliopata kiharusi pamoja na alama zao za lugha kwa miaka, kisha kwa mgonjwa mpya kuwatafuta wale ambao madoa yao yanafanana na lake, na kuangalia wao walifikia wapi baada ya muda kama huo. Jibu linakuja kama uwanda, mathalani kwamba wengi wa wanaofanana naye walifika hapa, wachache pale.

Programu za akili mnemba hufanya kitu cha jinsi hiyo kwa kasi na kwa vipimo vingi zaidi, nazo zinarithi upungufu uleule. Zikifundishwa kwa picha za mashine moja, hujikwaa kwenye picha za mashine nyingine. Zikifundishwa kwa wagonjwa waliopata tiba ya mazoezi kila siku, hazijui lolote kuhusu asiyeipata. Na "usahihi wa asilimia 80" huzungumzia kundi, haitaji nani yuko kwenye ile 20. Programu ikitajwa kwenye habari, ulizeni kama ilijaribiwa kwa wagonjwa wa hospitali ambazo hazikushiriki kuifundisha. Kama haikujaribiwa, bado iko darasani.

Zile picha za rangi nyekundu na njano zinazoonyesha ubongo "ukiwaka" ni za MRI inayofuatilia oksijeni kwenye damu. Zinawafundisha watafiti mengi. Mapema baada ya kiharusi, kwa mfano, pande zote mbili za ubongo huhangaika kusogeza mkono mmoja, na kwa wanaopona vizuri kazi hurudi taratibu upande ulioumia. Kwa mgonjwa mmoja mmoja hazina kazi ya kutabiri. Anayewauzia kwa ajili hiyo anawauzia rangi.

Picha nyingine, ya nini?

Kupiga picha kila mwezi ili kuona "kama ubongo umepona" hakuna faida. Kinachopona ni matumizi ya nyuzi, na CT ya kawaida haionyeshi matumizi. Fedha hiyo ingelipa vipindi vya mazoezi. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye mwinuko mkali. Baadaye maendeleo hupungua kasi, lakini mwezi wa sita si ukuta, hasa kwa usemi.

Kwenye mazungumzo na daktari, maswali matatu hufungua mengi: doa limegusa mkongo wa mwendo au mtandao wa lugha, na kwa kiasi gani? Picha hii ni ya siku ya ngapi? Alama za bega na vidole siku ya tatu zilikuwa ngapi? Ombeni pia picha kwenye diski pamoja na filamu. Filamu ni vipande vichache vilivyochaguliwa. Kwenye diski mtaalamu mwingine anaweza kupita kipande kwa kipande na kupima.

Kuna nyakati picha ya pili haitakiwi kungoja hata saa moja: mgonjwa aliyekuwa macho akianza kusinzia na kutoamka vizuri, maumivu makali mapya ya kichwa pamoja na kutapika, degedege, au udhaifu uliokuwa umepungua kuongezeka ghafla au kuhamia upande wa pili. Hapo huenda ubongo unavimba, damu inamwagika, au kimekuja kiharusi kingine, na picha ya wiki iliyopita haijui lolote juu yake.